Anayemimina Huonja Kwanza

Jumapili. Manyunyu tangu asubuhi, ziwa halionekani.

Mdogo wangu anafanya kazi hoteli ya watalii huko Bunda. Leo ameniletea hapa Kitaji chupa ya mvinyo mwekundu, anasema ni wa zabibu zinazoitwa grenashi. Sijui mvinyo, lakini nilisikia harufu ya zambarau zilizoiva sana, na pilipili manga kwa mbali. Alijimiminia kidogo, akauzungusha mdomoni, akafumba macho. Nikajikuta nimeishika nguo yake.

Kule Bukima, nikiwa mdogo, mama alitengenezaga mvinyo wa maua ya rozela. Jirani yetu alipofiwa na mume, watu wakasema mama anaweka kitu ndani. Siku moja jirani mwenyewe akaja, akaketi, akamsukumia mama kikombe alichomiminiwa.

"Onja wewe kwanza, mwenzangu."

Simlaumu. Ndiyo desturi, anayemimina huonja, na yeye alikuwa na msiba. Mama akanywa, akafumba macho hivyohivyo, muda mrefu. Nilishika kanga yake kwa mikono miwili, nikingoja aanguke.

"Sukari haijatosha," mama akasema.

Jirani akacheka mpaka machozi. "Wewe nawe! Nilishaanza kukutafutia sanda." Akanywa chote.

"Dada, mbona umepoa? Mzuri huu, onja," mdogo wangu akasema. Nikaonja. Ni mtamu mwanzoni, halafu unakausha ulimi.

Jioni tulikula ugali na sato wa mchuzi. Kabla sijampakulia, niliuonja mchuzi mbele yake.