Mfupi wa Mtaa Wetu

Bi Odessa hajawahi kumsamehe yule bwana wa kupima wachezaji. Siku timu kubwa za mpira wa Kimarekani zilipoita majina ya wachezaji wapya kwenye televisheni, mtaa mzima ulijaa uani kwake ukila kamba wa mtoni, na jina la kijana wa jirani halikuitwa; bwana huyo alikuwa amempima akasema eti mfupi. Kijana akaenda kubisha hodi mwenyewe kwenye timu moja. Wakampa kazi isiyotakiwa na mtu, ya kutimka uwanja mzima na kumvaa mwenye mpira, akadumu nayo mpaka vidole vikapinda kama tangawizi. Sasa ni kocha wa shule ya hapa hapa Louisiana. Hapigi kelele huyo. Ananong'ona, na yale majitu anayoyafundisha yanainama yote kumsikiliza, Bi Odessa anabaki mdomo wazi.

Jumanne yule bwana akaja shuleni na futi yake ya kupimia, anamtaka beki mmoja wa kocha.

"Weka futi mfukoni, mzee wangu," kocha akamwambia taratibu. "Kaa utazame."

Bwana akakaa juani mpaka mazoezi yakaisha, kisha akamwendea kocha, akavua kofia. "Kwako nilikosea."

"Paza sauti!" Bi Odessa akafoka kutoka kwenye uzio wa uwanja. "Kwani aliumia peke yake?"

Bwana akageukia uzio, akarudia kwa sauti.