Bafu la Ardis

Verlyn Stordahl aliuza ng'ombe wote, akamwachia mpwa wake shamba, akanunua nyumba mjini kwa sababu moja tu: haina ngazi. Magoti ya mkewe Ardis yalikuwa yamechoka, na nyonga ndiyo usiseme. Nyumba yenyewe ndogo, uwanja wake kama leso, lakini Ardis aliipenda kuanzia mlangoni mpaka jikoni. Alipofika bafuni ndipo alipokunja uso.

"Verlyn," alisema, "hili bafu lina rangi ya dawa ya kikohozi."

Hakukosea. Kuta rangi ya waridi, hodhi la kuogea waridi, choo waridi, mpaka kisahani cha sabuni. Ungedhani mwenye nyumba wa zamani alishinda shehena ya rangi ya waridi kwenye bahati nasibu akakosa pa kuipeleka. Ardis akaenda dukani akachagua rangi yake, kijani kilichopoa, kama njegere changa. Akabeba kopo mwenyewe mpaka garini, anachechemea na anatabasamu.

Wiki ileile ya kuhama akateleza kwenye barafu, nyonga ikavunjika.

Hospitali wakamtia nyonga ya chuma. Kulikuwa na dada mmoja wa mazoezi ya viungo pale, mpole, lakini hakuwa mtu wa kuzunguka mbuyu. Akamwita Verlyn pembeni.

"Mzee Stordahl, mama ataruhusiwa Ijumaa ijayo. Bafu lenu likoje?"

"La waridi."

"Nauliza anaingiaje kuoga, mzee."

Haya. Ikaonekana kwamba hodhi haliwezekani tena, mguu ule hautaruka kitu. Liondoke, pawe na sehemu ya kuogea ya usawa wa sakafu, vyuma vya kushikia ukutani, na choo kilichoinuka kidogo. Bafu likiwa tayari, Ardis anarudi nyumbani. Lisipokuwa tayari, anapelekwa kwenye nyumba ya wazee ya Elbow Falls, kwa muda tu.

Kwa muda tu! Mama yake Ardis alipelekwa hukohuko kwa muda tu, akatoka baada ya miaka, amebebwa. Ardis alipolisikia lile jina la Elbow Falls aligeuza uso akautazama ukuta. Verlyn akamshika mkono. "Wewe utarudi nyumbani," akasema. "Bafu nitalitengeneza mwenyewe."

Jamani, nani alimtuma?

Lakini mafundi nao wangepatikana wapi? Ulikuwa msimu wa kuwinda kulungu, na msimu ule mjini kwetu hata ukifa utamsubiri mchimba kaburi atoke porini. Verlyn alipiga simu kila mahali. Simu zikaita, zikaita, zikakatika. Mke wa fundi mmoja akamwambia arudi kujaribu baada ya Krismasi.

Basi akaanza mwenyewe, na alianza na rangi. Mtu mwenye akili zake hubomoa kwanza, akapaka mwisho. Verlyn alilijua hilo vizuri tu. Ila alikuwa hajui kung'oa hodhi, hajui kupanga vigae, hajui mabomba yanapita wapi, na kupaka rangi alikuwa anajua, maana ghala la shambani alilipaka mara nyingi. Tena alitaka sana awe na kitu cha kumwambia Ardis jioni. Akapaka kuta zote kwa rola, akasimama mlangoni akaona njegere changa zimeota kila upande. Akampigia. "Imependeza, mama," akamwambia. "Imependeza kweli." Ardis akacheka mpaka akalalamika nyonga inamuuma.

Kesho yake asubuhi ile rangi ilikuwa inaning'inia. Alikuwa amepaka rangi ya maji juu ya rangi ya mafuta ya enzi za wazee wetu, ambayo haishikwi na kitu, na sasa ilikuwa imejikunja na kushuka kama utando wa maziwa yaliyochemka. Aliuvuta kwa vidole viwili, ukaja mzimamzima kutoka darini mpaka chini.

Akachukua kisu bapa akwangue. Kisu kikazama ukutani kama kimekata keki. Maji yalikuwa yanavuja mle ndani tangu lini, Mungu ndiye ajuaye. Kigae kikaanguka, kingine kikafuata, mara ukuta mzima wa upande wa hodhi ukalala. Verlyn akapandwa na hasira, akachukua nyundo kubwa, akalivunjavunja lile hodhi akalitoa vipandevipande. Chini ya hodhi mbao zilikuwa zimeoza. Aliingiza mguu kuzijaribu, ukapita mpaka gotini. Choo nacho kilikuwa kimekaa juu ya mbao hizohizo. Ikabidi kitoke. Na nyumba nzima ilikuwa na choo hichohicho kimoja.

Tangu siku hiyo haja zake alikuwa anakwenda kumalizia kwenye kituo cha mafuta. Aliona haya kuingia na kutoka bure, kwa hiyo kila safari ananunua kahawa, na kahawa nayo ikawa inamrudisha kulekule. Yule kijana wa kwenye kaunta akawa anamwamkia kwa jina.

Mzee wa watu akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, mlangoni pa shimo lile, mikono mapajani. Ng'ombe aliyekwama kuzaa angemsaidia. Trekta lililozima angeliwasha kwa waya na matusi. Hapa hakujua aguse wapi. Alikuwa anaogopa, na hakuwa na wa kumwambia, maana mtu aliyezoea kumwambia mambo yake ndiye huyo aliyelala hospitali akisubiri.

Hapo ndipo alipoingia Ray Pacella, jirani wa mlango wa pili. Ray ni mtu wa kuja, wa kutoka New Jersey huko. Alimfuata binti yake, na anaongea kama yuko upande wa pili wa barabara hata mkiwa meza moja. Maisha yake yote kazi ilikuwa hiyohiyo, mabomba na vigae. Akachungulia bafuni, akapiga mluzi.

"Duh! Jirani, hapa ulikuwa unatengeneza au unalipiza kisasi?"

"Aa, tunajisogeza tu," akasema Verlyn.

"Unajisogeza wapi? Utatumbukia! Nikusaidie? Nina vifaa vyote kwenye gari."

"Hapana, hapana, usijisumbue. Tutaweza."

"Una uhakika?"

"Kabisa. Si mbaya sana."

"Haya bwana, poa," akasema Ray. Akampiga begani, akaondoka zake.

Verlyn akautazama mgongo wake ukitoka. Lile neno "ndiyo" lilikuwa limeshamfika ulimini! Sisi watu wa huku hatukubali kitu mara ya kwanza, hata kikombe cha kahawa. Unakaribishwa, unakataa. Unakaribishwa tena, unakataa, ila unalegeza sauti kidogo. Mara ya tatu ndipo unasema, "Basi, kama hamsumbuki," na mwenye nyumba anakuwa ameshamimina. Mtoto wa huku anajua hivyo kabla hajajua kufunga viatu. Ukikubali mara ya kwanza una ulafi, na ukimkaribisha mtu mara mbili tu ukaacha, maana yake hukutaka aje. Sasa Ray wa watu angelijuaje hilo? Kwao hapana ni hapana. Aliambiwa hapana mara mbili, akamheshimu mzee.

Kesho yake Verlyn alipiga moyo konde akaenda kwa Ray. Njiani aliyapanga maneno: Ray, nimekwama, nisaidie, mke wangu anatoka Ijumaa. Maneno machache hayo. Ray akafungua mlango, akamkaribisha, na Verlyn akaanza kuongelea theluji. Kutoka kwenye theluji akaingia kwenye betri za gari, kutoka kwenye betri akaingia kwenye bei ya mahindi, jambo ambalo Ray hana habari nalo hata chembe. Nyuma ya Ray masanduku yalikuwa yamepangwa ukumbini.

"Kuna kitu unataka, jirani?" Ray akamuuliza.

"Hapana, hapana. Nimepita tu."

"Sawa basi."

Verlyn akarudi nyumbani, njia nzima anajitukana.

Asubuhi iliyofuata Ray na mkewe walikuwa wanapakia gari. Wanakimbilia Arizona, kwenye jua, mpaka theluji iishe. Ray akapunguza mwendo mbele ya nyumba, akateremsha kioo.

"Mzee, bafu linaendaje?"

"Si mbaya sana."

"Nilijua tu! Nikamwambia mke wangu, yule mzee angekuwa amekwama angesema." Akapiga honi, akapunga mkono, wakaishia kwenye kona. Verlyn naye akapunga. Angefanya nini?

Alhamisi akampigia simu Ardis, amesimama jikoni, shimo la bafu likiwa mgongoni kwake na upepo wa chini ya nyumba unampuliza miguu.

"Bafu bado kidogo," akasema.

"Kidogo kiasi gani?"

"Si mbaya sana."

Ardis hakudanganyika. Ameishi na huyu mwanamume, anajua kwamba ghala lilipoungua alimwambia si mbaya sana.

"Basi niende Elbow Falls," akasema.

"Ni kwa muda tu, mama." Alijisikia akiyasema hayo maneno, akajichukia. "Utaona vibaya?"

"Aa, hapana. Mimi niko sawa."

"Una uhakika, Ardis?"

"Kabisa. Usijisumbue."

Verlyn akafungua mdomo kuuliza mara ya tatu, kama alivyouliza siku zote tangu wamekuwa wachumba. Halafu ikamjia kwamba akiuliza hiyo ya tatu, atajibiwa. Ardis atamwambia kweli yote, atamwambia njoo unichukue, sitaki kule, naogopa. Na yeye atamchukua amlete wapi? Amshushe kwenye kituo cha mafuta?

Alimsikia Ardis akipumua. Alijua kabisa anasubiri, naye Ardis alijua kwamba amejua. Verlyn akaubana ule mdomo mpaka taya likamuuma, machozi yanamshuka, na hakuuliza.

"Haya basi," akasema Ardis, taratibu tu, kama mtu anayemwondolea mwenzake mzigo. "Ukija kesho niletee sweta la kijivu. Na zile picha za wajukuu."

"Nilete ngapi?"

"Zote, Verlyn."