Taa za Njia ya Msanzi

Biashara ya mahindi ilipofunguliwa kwa watu binafsi, niliendesha lori peke yangu kati ya Sumbawanga na Msanzi. Madereva tulisalimiana kwa taa, hata mchana: unawasha mara mbili, mwenzako anajibu. Kiangazi kimoja, kila adhuhuri, niliona taa mbele zikiwaka na kuzimika. Nikijibu, lori halitokei. Mshenzi gani huyu anasalimia halafu anakata kona?

Siku nilipopata pancha karibu na hapo, nilimfuata kwa miguu nikagombane naye. Nikakuta bati jipya juu ya nyumba ya mkulima. Lenyewe limetulia, liking'aa juani; hewa ya joto ndiyo iliyoufanya mng'ao wake upepese kama taa.

Kesho yake nikaliwashia taa tena. Tangu asubuhi hakuna mwingine aliyekuwa amenisalimia.