Muvi Ambayo Mwisho Wake Tunaujua

Leo mama amemnyamazisha ndugu yangu, na hata hakupandisha sauti.

Tulikuwa kwetu Noonkopir baada ya kanisa. Nikaweka ile muvi ya vita vya angani, ile inaonyesha vile kijana mzuri aligeuka kuwa adui wa kila mtu.

Kevo, ndugu yangu, akaanza kulalamika kabla chai ipoe.

"Si sehemu zingine za hii hadithi tulishaona? Tunajua huyu kijana ataharibika. Sasa tunangoja nini?"

Mimi pia nilikuwa naona hivyo.

Mama alikuwa anakata mboga ya sukuma. Nilidhani hata haangalii.

Akasema, "Hata baba yenu, daktari aliniambia mwisho mapema. Na bado nilikuwa naenda kukaa na yeye kila siku."

Kevo hajawahi kuongea juu ya baba tangu tumzike.

Akachukua rimoti. Nikajua anazima.

Lakini alirudisha nyuma, mahali kijana bado anacheka na marafiki.

"Mama, kuja ukae hapa karibu," akasema.

Tumeangalia mpaka mwisho. Kevo amelia, mama amemshika mkono.

Nyinyi mliosema huku mtandaoni hiyo muvi ni mbaya, mliangalia na nani?