Daktari wa Kumbukumbu

Pruitt, askari wa mahakama huko Toledo, Marekani, anamjua yule mama daktari wa saikolojia kwa mikono yake. Akishaapishwa tu kama shahidi mtaalamu wa utetezi, huvua miwani, akaifuta kwa ncha ya skafu, kisha akaanza kukoroga hewa kwa kidole: "Kumbukumbu ni kama supu, jamani. Kila ukiichota, unaikoroga." Hasemi kamwe kwamba shahidi amekosea, hueleza tu jinsi mtu anavyoweza kukosea. Safari hii keshia wa duka alikuwa amemnyooshea kidole mshtakiwa, Goins, akaapa ana uhakika kabisa kwamba ndiye aliyemwelekezea bastola. Raia kumi na wawili wa baraza la kuamua kesi wakajifungia siku mbili, wakarudi na neno: hana hatia.

Nje ya ukumbi daktari akamkumbatia kijana mmoja mrefu, machozi yakimtoka. "Nenda nyumbani, mwanangu! Uko huru!"

"Asante, mama. Lakini mimi nimeleta piza."

Nyuma yao Goins akacheka mpaka akashika ukuta. "Daktari! Si ulishinda kutwa ukinitazama?"

"Ungeapa kwamba huyu wa piza ndiye Goins?" Pruitt akamchokoza.

Daktari akavua miwani, akaifuta kwa skafu, mabega yakimtikisika kwa kicheko. "Ningeapa. Tena kwa uhakika kabisa."