Doa la Miwati kwenye Matairi Meupe

Mwenzangu alivunjwa vidole viwili vya mkono wa kulia kwa mpini wa jeki, mchana kweupe, hapa Makambako, kwa sababu ya doa kwenye tairi. Nimeianza habari hii mara nne kwenye daftari, na mara zote nne nilijikuta nimeanza na mwenye gari na hasira zake. Siyo haki. Inabidi nianze na pipa la maji, maana pipa lilikuwa langu.

Mimi nimeishia darasa la saba, kwa hiyo nikikosea mpangilio mnivumilie. Naosha magari karibu na barabara inayokwenda Njombe. Tuko wawili. Mwenzangu ni mwanaume wa makamo, mwenye watoto, anayetania hata mbuzi. Yeye huosha matairi na chini ya gari, mimi huosha bodi na ndani. Mashine ya presha tunapokezana.

Mwezi wa sita maji ya bomba yanauma kama meno. Ndiyo maana nachemsha maji kwenye pipa kwa kuni za miwati, ile miti ambayo magome yake hutumika kutengeneza ngozi. Mfuniko wa pipa ulikuwa umeibwa, nikafunika kwa magome ya miwati hiyohiyo, yale mapana, kama mama yangu alivyokuwa akifunika mtungi wake. Magome yakalowa, mengine yakadondokea ndani yakachemka pamoja na maji. Asubuhi ile niliona maji yana rangi ya chai. Nikasema moyoni, maji ya moto ni maji ya moto. Nilisema hivyo, sikusahau.

Gari lilikuja siku ya Ijumaa. La zamani, la bluu, limetunzwa kuliko watu wengine wanavyotunzwa. Mwenye gari ni mzee wa upande wa Njombe, mkulima. Baba yake alimwoa mama yake kwa gari hilo, na kesho yake lilikuwa limbebe binti yake kwenda kanisani. Matairi yalikuwa mapya, yenye mkanda mweupe ubavuni, upana wa vidole vitatu. Mwenzangu alipoyaona akapiga mluzi.

"Kamwene, mzee! Gari lako limevaa soksi."

"Ndiyo, na nyeupe," mzee akajibu, na alicheka, lazima niandike kwamba alicheka. "Zikichafuka navua ngozi yako nalivisha."

Tukacheka wote watatu. Halafu akatuelekeza, na alielekeza vizuri. Tuloweshe tairi kwanza, ndipo tuanze kusugua. Sabuni ya maji na brashi laini, kwa kuzungusha, tusikwangue. Tusuuze kabla povu halijakauka. Presha tusiisogeze karibu, itainua kingo za mkanda. "Na petroli hapana. Na waya hapana. Mpira mweupe ukichubuka haurudi." Alirudia mara mbili, kisha akaenda kuwaona wakwe watarajiwa wa binti yake.

Tope la Njombe mnalijua, jekundu, likikauka linashika kama rangi ya mlango. Matairi mawili ya mbele yalitakata kwa brashi. Ya nyuma yaligoma. Nilimwona mwenzangu akichukua stilwaya, ile ya kusugulia masufuria, akapitisha taratibu sana, kama anamnyoa mtoto. Niliona nikanyamaza, kwa sababu ilikuwa inafanya kazi. Baadaye nikachota maji ya pipa nikasuuza matairi yote manne mimi mwenyewe, nikimwambia ya moto yanatoa vizuri. Tukaliacha gari juani.

Yalipokauka, ya mbele yalikuwa na manjano kidogo, kama meno ya mvuta sigara. Ya nyuma yalikuwa meusi. Siyo uchafu, wino. Madoa ya bluu nyeusi yamezunguka mkanda wote, na kadiri tulivyotazama ndivyo yalivyokolea.

Hapa ndipo nisipojiamini, lakini naandika. Nilijua. Mtu yeyote wa kwetu aliyebandua magome ya miwati kwa panga anajua kwamba maji ya gome yakikutana na chuma mikono inakuwa myeusi. Stilwaya iliacha chuma kwenye mpira, maji yangu yakaleta gome. Waya peke yake ungechubua kidogo tu, na maji yangu peke yake yangeacha manjano. Tulilitengeneza doa lile wawili. Nilijua pale pale, na mzee ndiyo alikuwa anaingia.

Hakupiga kelele mwanzoni. Alichuchumaa, akapitisha kidole. "Mmeweka nini?"

Mwenzangu ni mkweli. "Waya kidogo tu mzee, hapa nyuma. Tusamehe."

"Nilisema nini kuhusu waya?"

"Ulisema hapana."

"Nilisema mara ngapi?"

"Mbili, mzee."

Mzee alinyanyuka, akafungua buti, akatoa mpini wa jeki. Nilidhani anataka kuvua magurudumu. Pigo la kwanza lilimpata mwenzangu begani, akakaa chini kama gunia lililokatwa kamba. La pili mgongoni. Alinyanyua mkono wa kulia kukinga kichwa, na la tatu likatua kwenye vidole. Nilisikia mlio. Nimeandika matatu, yeye anasema yalikuwa matano, na yeye ndiye aliyepigwa, kwa hiyo huenda ni matano.

Watu wa bodaboda walishafika. Sijui nani aliwaita. "Ameiba nini?" mmoja akauliza. Mwingine akajibu bila kujua lolote, "Kamwagia gari la harusi asidi, mshenzi huyo!" Basi likawa asidi. Mmoja akampiga teke la mbavu. Mwingine akacheka: "Mzee, ongeza, bado anapumua!" Kuna aliyekuwa ameshaokota tofali, nalikumbuka kwa sababu lilikuwa la kwetu, la kuzuia gari lisirudi nyuma.

Neno lilikuwa mdomoni mwangu. Ni maji yangu. Maneno matatu tu. Nilimtazama mwenzangu akitambaa kuelekea chini ya gari, na mkono wake umekaa upande usio wake, na sikuyasema. Niliogopa tofali.

Nilichofanya ni kushika bomba la presha. Sisi wenyewe tulikuwa tumeambiwa tusilisogeze karibu na mpira. Nililisogeza kwenye uso wa binadamu, hatua moja, nikaminya. Mzee alianguka chali, amefunika macho, analia kwa sauti ambayo sikutegemea kwa mwanaume wa umri ule. Nikawageuzia wa bodaboda, mwenye tofali maji yakampata kifuani, akalidondosha mguuni mwake. Walitawanyika wakinitukana. Niliendelea kuminya hata walipokwisha kwenda. Mzee yuko chini, nami bado nammwagia. Muda gani, sijui. Nikisema nilikuwa namwokoa mwenzangu, ni kweli kwa nusu ya muda huo. Nusu nyingine nilikuwa napiga tu. Ilikuwa rahisi kwangu kumpiga mtu kuliko kusema neno.

Kituoni tulikwenda wote watatu, maana bila PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, hospitali wangetuuliza maswali. Mwenzangu mkono umefungwa kwa khanga yangu, mzee jicho la kushoto limefumba, jekundu kama nyama. Askari akauliza tukio lilianzaje. Mzee akasema waya. Mwenzangu akasema, "Ni kweli, waya. Kosa langu."

Askari akanigeukia. "Na wewe mama, unaongeza nini?"

Nikasema. Pipa, magome, rangi ya chai, kwamba niliona na nikamwaga, na kwamba nililijua doa kabla mpini haujatoka kwenye buti. Nikasema pia muda niliommwagia mzee akiwa chini. Kalamu ya askari ilisimama.

Mzee alinitazama kwa jicho lake moja. "Sasa mbona hukusema?"

Mwenzangu aliangalia ukutani.

Yeye akapelekwa hospitali. Mzee akaandikiwa kurudi Jumatatu, kwa sababu harusi ilikuwa kesho yake. Mimi nikaachiwa, nikapitia sokoni nikachukua malimau nikarudi kwenye gari, kwa sababu kila mama wa kwetu anajua doa la miwati kwenye shati la shule linatolewa na limau. Nilikata, nikasugua kwa kitambaa laini, sabuni, maji ya bomba ya baridi, kwa kuzungusha. Mzee alikuja akasimama nyuma yangu. Baadaye akachuchumaa kwenye tairi la pili, akachukua nusu limau, akaanza kusugua na yeye.

Lilitoka. Siyo lote, mikwaruzo ya waya ilibaki, lakini lile jeusi lote lilitoka. Haikuchukua hata saa nzima. Mzee aliukazia ule mkanda mweupe macho, limau mkononi, kisha akakaa chini kwenye tope na suruali yake ya suti.

Kesi waliimaliza wazee wa pande mbili, sikuitwa. Jicho la mzee lilipona, nasikia linatoa machozi kwenye upepo. Kidole kimoja cha mwenzangu kinakunjika, kingine hapana. Amerudi kazini, anashika brashi kwa mkono wa kushoto. Pipa lina mfuniko wa bati sasa. Lakini kila asubuhi, kabla hajagusa gari lolote, anaufunua, anachota maji kwenye kiganja cha kushoto, anayainua kwenye mwanga, anatazama rangi. Mimi nasimama pembeni nasubiri. Akimaliza anayamwaga, anaanza kazi. Hajatania tena.