Kitambaa Kwanza, Karatasi Baadaye

Barua ilikuja Ijumaa jioni, na ilikuwa na adabu zake zote. Kuna watu wanaweza kukuita mwizi kwa upole mpaka ukajikuta unatafuta namna ya kuwashukuru. Ilisema chuo kinasikitika, kinatambua ugumu wa kusoma ugenini, na kwa hiyo kinampa Binti Fundi nafasi. Aweke saini kwenye fomu iliyoambatanishwa, akiri kwamba mchoro wa koti aliowasilisha ameunakili kwa mtu, kisha atarudia somo hilo muhula ujao na yaishe. Asipoweka, Jumatatu saa tatu asubuhi atasimama mbele ya kamati, na kamati ikimwona ana hatia atafukuzwa. Mwanafunzi wa kigeni akifukuzwa chuo, kibali chake cha kukaa nacho kimekwenda. Hilo la kibali barua haikulitaja, lakini kila anayeishi kwa kibali analijua hata akiwa usingizini.

Aliisoma amesimama, begi bado liko mgongoni. Kwao walimwita Binti Fundi, kwa kuwa mama yake ni fundi cherehani, na hapa alikuwa mwaka wa pili akisomea kukata na kushona nguo. Aliisoma mara ya pili amekaa. Kisha akasema kwa sauti, ingawa chumbani hakukuwa na mtu, "Siweki."

Kosa lenyewe lilikuwa hili. Mwalimu aliwapa vipimo vya mtu mwenye bega moja lililoshuka, akataka kila mmoja amchoree koti kwenye karatasi, kisha alishone. Wenzake walichora kama walivyofundishwa: mstari wa kati, mstari wa kifua, futa, chora tena, mpaka karatasi ikachakaa. Binti Fundi yeye alitandika kitambaa sakafuni, akashika chaki, akapiga mistari minne mitano na kukata. Alipomaliza alikilaza kile kitambaa juu ya karatasi, akafuatisha ukingo wake kwa penseli, akapeleka. Kwao ndivyo kazi inavyokwenda, kitambaa kwanza, karatasi baadaye, tena ukipenda. Basi karatasi yake ilikuwa safi, haina mstari hata mmoja wa hesabu, na koti liliposhonwa lilikaa kwenye sanamu ya kupimia bila kukunjamana popote. Mwalimu akamwuliza amefuatisha wapi. Akamweleza ukweli wote. Mwalimu akatabasamu kidogo, akasema hakuna mtu anayekata kabla ya kuchora.

Hakuna mtu! Mama yake alikuwa akikata hivyo tangu Binti hajazaliwa, na nusu ya mtaa wao wameoana wakiwa ndani ya nguo zake. Lakini ndiyo hivyo, hakuna mtu.

Jumamosi asubuhi alikwenda kwa Mjomba, kaka wa mama yake, kwa sababu yeye ndiye aliyemdhamini kuja. Mjomba alikuwa amekaa kwenye mji ule miaka kumi na saba, akibeba maboksi kwenye ghala moja kubwa. Alimkuta jikoni anaosha kikombe.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Uso nimeshauona, leta maneno."

Alimsomea barua. Mjomba alifuta mikono, akaichukua, akaikunja palepale ilipokuwa imekunjwa.

"Weka saini," akasema.

"Sijaiba."

"Kwani nimesema umeiba? Najua hujaiba. Weka hivyohivyo. Sisi hapa wageni, mama. Mgeni akiambiwa kamkanyaga mtu anaomba radhi, hata kama muda wote alikuwa amekaa. Miaka kumi na saba nimekwenda hivyo na sijagombana na mtu."

"Na umefurahi?"

"Mimi sikukuuliza swali, na wewe usiniulize."

Alirudi kwa miguu, vituo vinne vya basi. Alikuwa bado anapanda ngazi simu ikaita. Mama. Bila shaka Mjomba hakungoja hata mpwa wake afike nyumbani.

"Mjomba wako kanieleza," mama yake akasema. "Weka saini, mwanangu."

Binti alisimama hapohapo kwenye ngazi. "Mama, wewe unajua nilivyolikata."

"Najua. Lakini huu ukataji wetu ni wa kubahatisha tu. Mimi nimejifunzia barazani kwa watu, hata cheti sina. Wao ndio wenye elimu yao. Usije ukafukuzwa kwa ajili ya chaki yangu."

Barua ya chuo ilimkasirisha. Hili lilimuumiza, tena vibaya. Mwanamke aliyeweza kumtazama mtu akivuka barabara na kumkatia suruali, leo anasema anabahatisha.

"Lini ulibahatisha, Mama? Nitajie nguo moja iliyorudi."

Mama yake akaanza tena habari ya cheti, Binti akamkatiza.

"Nikiweka saini pale nimesema hata wewe umeiba, miaka yote hiyo. Siweki. Na usiniombe tena." Akakata simu. Hakuwahi kumkatia mama yake simu tangu azaliwe. Aliingia chumbani akalia, akalia kweli, kisha akanawa uso na kutia mkasi makali.

Jumapili mchana Mjomba alibisha hodi. Alikuja na kalamu yake mwenyewe, asije akaambiwa wino umekwisha.

"Sawa," Binti akasema kabla hajakaa. "Lakini kwanza nakukatia shati. Bila karatasi, bila kukupima kwa futi. Likikukaa vibaya, naweka saini mbele yako leo hii. Likikukaa vizuri, usinitajie tena hiyo fomu."

Mjomba alimtazama kama anayetafuta mtego ulipo. "Haya," akasema. "Na tuone."

"Vua koti usimame pale. Usitunishe kifua. Simama kama unavyosimama kwenye foleni ya basi."

Mjomba akalegea, na hapo ndipo alipoonekana. Bega la kushoto lilikuwa limeshuka vidole viwili kamili, mgongo umevutika upande huo, kazi ya maboksi ya miaka kumi na saba. Binti alimzunguka mara moja. Akampima mgongo kwa shubiri, mbili na nusu, akapiga magoti. Kitambaa hakikuwepo, kwa hiyo alilitoa shuka lake jipya lenye maua ya zambarau, akalitandika chini, akapitisha chaki. Mkasi haukusimama. Mjomba alikaa ukingoni mwa kitanda akaangalia mikono ile, na sijui aliona ya mpwa wake au ya dada yake. Cherehani ilinguruma mpaka jirani akagonga ukuta, nayo ikaendelea kunguruma.

Saa kumi shati lilikuwa tayari, bado vifungo. Mjomba alilivaa, akasimama mbele ya kioo cha kabati. Alilivuta begani kushoto, mazoea tu, akakuta hakuna cha kuvuta.

"Mashati yangu yote huanguka upande huu," akasema polepole. "Nilidhani kasoro ni yangu."

Mjomba mwenyewe alitoa simu, akampigia dada yake kwa video, akaisimamisha juu ya meza.

"Nini hicho umevaa?" mama akauliza.

"Shati. Kakata mwanao, sakafuni. Nimeona kwa macho yangu."

"Geuka." Akageuka. "Inua mkono. Wa pili." Mama alisogea karibu na simu mpaka ikabaki paji la uso na jicho moja. Aliposema tena, sauti haikuwa ile ya jana.

"Kwapa la kushoto limebana. We mtoto, lifumue hilo. Hao watu wa kesho wasije wakasema nimekufundisha hivyo."

"Ndiyo, Mama," Binti akasema, akachukua wembe.

Mjomba alivua shati, akampa, akabaki na fulana. "Kesho ni saa ngapi?"

"Saa tatu. Lakini una zamu ghalani."

"Nitawaambia siji."

"Watakuuliza kwa nini, Mjomba."

"Na waulize. Wewe shona, nakuja nimevaa hilihili la maua," akasema Mjomba. "Huyo mwalimu wako na anipime mwenyewe."